Mtwara mpaka Songea ni saa moja angani, ila safari bado inazungukia Dar

Kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara mpaka uwanja wa Songea, ukikata moja kwa moja angani, ni kilomita kama 505. Nasema kama kwa sababu kuna wanaopima toka katikati ya njia ya kurukia na kuna wanaopima toka jengo la abiria, lakini upime utakavyopima hutoki kwenye mia tano na kidogo. Sasa mwambie mtu wa Mtwara Songea ni kilomita mia tano uone kama atakuelewa, maana huku kwetu Songea ni mbali, mbali kuliko Dar, mtu akipata uhamisho wa kikazi kwenda Songea ndugu wanampa pole kwanza ndo wanampa hongera. Na Dar yenyewe toka hapa kwa ndege ni kilomita kama 398. Kwa hiyo kwa mtu anayeondokea Mtwara, Songea imeizidi Dar kilomita mia moja na saba tu, ni ule umbali wa kutoka hapa mpaka Lindi mjini kwa barabara, ambao watu wanaenda na kurudi siku moja wala hawahesabu kama safari.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa kusini wanaoingia kwenye simu wanatafuta umbali wa Mtwara Songea kwa ndege, wanapewa namba mbili, kilomita na muda, wanafurahi, halafu wakienda kukata tiketi wanakuta habari nyingine kabisa na wanabaki kujiuliza nani kawadanganya. Hakuna aliyedanganya. Zile namba zinajibu swali moja na msafiri anakuwa na swali lingine, na nataka tuyatenganishe vizuri haya maswali mawili kwa sababu mimi naamini kabisa kwamba kusini yetu ni ndogo kuliko tunavyoisafiri.

Tuanze na hesabu maana ni nyepesi na kila mtu anaiweza. Mtwara na Songea zipo karibu kwenye latitudo moja. Uwanja wa Mtwara upo digrii 10.34 kusini mwa ikweta, wa Songea digrii 10.68, kwa hiyo ukitoka hapa kwenda kule unaelekea magharibi karibu moja kwa moja, unainama kusini kidogo sana. Kwenye longitudo Mtwara ni 40.18 mashariki, Songea ni 35.58. Toa, unapata 4.6. Mzunguko wa dunia pale ikweta ni kilomita 40,075, gawa kwa 360 kila digrii moja inakuwa kilomita 111.3, na kwa vile sisi tumesogea kusini ya ikweta ule mzunguko unapungua kidogo, kwa hiyo huku kwetu digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 109.4. Zidisha kwa 4.6 upate 503, halafu ule mwinamo wa kusini ni kama kilomita 38, ziunganishe kwa kanuni ya Pythagoras ile ya sekondari na jibu ni 505. Marubani wao wanatumia maili za baharini, moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo kwao ni kama maili 273.

Kwenye hizo digrii 4.6 kuna kitu kingine ambacho mi nakipenda sana. Jua linapita digrii moja kila dakika nne, kwa hiyo likishachomoza hapa Mtwara, Songea wanalingoja dakika kama 18 hivi. Saa zetu zinasoma sawa, lakini dada yangu akinipigia asubuhi ananiambia huku bado giza wakati mimi nje naona mpaka kuku wa jirani.

Huyo dada ndo aliyeniingiza kwenye haya mambo yote. Kaolewa Songea, anakaa Bombambili, akajifungua mtoto wa kwanza, na mama yetu yupo hapa Chikongola anataka kwenda kumlea mzazi kama mila inavyotaka. Mama magoti yanamsumbua. Basi la Songea analijua, linatoka stendi alfajiri, linapanda mpaka Mingoyo kule upande wa Lindi, ndo linakata kushuka Mtama, Nanganga, Ndanda, Masasi, halafu Mangaka, Tunduru, Matemanga, Namtumbo, ndo Songea, kilomita kama 660 na siku nzima kwenye kiti, ukishuka miguu imevimba. Mzima inamchosha, sembuse mtu wa magoti. Akaniuliza, "Hivi mwanangu, kwa ndege toka hapa mpaka Songea ni masaa mangapi?" Nikamwambia ngoja niangalie mama. Simu ikaniambia saa moja na dakika nane. Mama akasema "Saa moja? Basi nitafutie hiyo, hata nikiuza korosho zangu zote."

Lile jibu la saa moja na dakika nane limetokea wapi? Kurasa nyingi za umbali hazijui hata ni ndege gani inatua Songea. Zinachukua kilomita, zinagawa kwa spidi ya ndege kubwa ya jeti, kilomita 800 hivi kwa saa, halafu zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kilomita 505 kwa 800 ni dakika 38, weka 30, hiyo saa moja na nane. Ni makadirio ya kompyuta. Inashangaza kidogo kwamba hayapo mbali na ukweli, lakini yamefika karibu na ukweli kwa njia isiyo yake.

Viwanja vyetu hivi tumezoea kuona ndege za mapangaboi. Ile Q400 ya Air Tanzania, zile mbili za kwanza ziliingia nchini Septemba 2016, ina viti 76 na spidi yake ya juu ikishatulia angani ni kilomita kama 667 kwa saa. ATR ya Precision Air inaenda taratibu zaidi, kama 510. Kwa Q400 kilomita 505 ni dakika 45, kwa ATR ni kama dakika 60, lakini hapo tumejifanya kwamba ndege inaamka ardhini ikiwa tayari na spidi yote, kitu ambacho hakipo.

Kuna mzee jirani yetu alifanya kazi uwanjani miaka mingi, upande wa chini, mizigo na mafuta, na marubani alikuwa anakaa nao anawasikiliza. Nikamfuata. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza, akacheka kwanza, halafu akaniambia, "Ndege haina mwendo mmoja, ina miendo minne. Kuna kutambaa chini, kuna kupanda, kuna kunyooka, kuna kushuka. Wewe umepiga hesabu ya kunyooka peke yake." Akanichorea mchangani. Ndege ikipanda spidi yake juu ya ardhi ni ndogo kwa sababu nguvu inaenda kwenye kupanda, na kwenye safari fupi kama hii sehemu ya kupanda na kushuka inakula kipande kikubwa cha njia. Ikishuka marubani wana kanuni yao ya kuzidisha kwa tatu: kila futi elfu moja za kushuka, weka maili tatu za baharini. Ikiwa juu futi elfu ishirini na inaenda kutua Songea, uwanja wa Songea upo juu kama futi 3,400 toka usawa wa bahari, kwa hiyo kuna futi elfu kumi na sita na ushee za kushuka, maili kama 50, yaani inaanza kushuka ikiwa bado kilomita tisini na kitu. Ikirudi Mtwara inaanza kushuka mbali zaidi, kilomita 109 hivi, maana uwanja wetu upo futi 370 tu. Sisi tupo bondeni pembeni ya bahari, wao wapo mlimani, ndo maana mwezi wa sita dada anaomba tumtumie sweta na sisi huku tunalala madirisha wazi.

Halafu kuna upepo. Huku kwetu pepo za juu mara nyingi zinatoka mashariki, kwa hiyo ndege ikienda Songea inasukumwa kwa nyuma, ikirudi inapigwa usoni. Chukua upepo wa kilomita 40 kwa saa, wala sio mkali: kwenda inakuwa dakika 43, kurudi 48. Dakika tano sio kitu kwa abiria, ila mzee ananiambia kwa rubani ni mafuta na mafuta ni uzito na uzito ni abiria wangapi wanapanda. Ukijumlisha vyote, kutambaa, kupanda, kunyooka, kushuka, kutambaa tena mpaka injini izimwe, Q400 inakupa saa moja, labda na dakika mbili tatu, ATR inakupa kama saa na robo. Hiyo ndo inayoandikwa kwenye ratiba za mashirika, muda wa ndege kuanza kuondoka mpaka kusimama kabisa, na ni muda wa kweli.

Lakini mama hakai ndani ya uwanja wa ndege, anakaa Chikongola.

Hapo ndo swali la pili lilipo na ndo swali la kila msafiri: toka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwa dada ni muda gani? Toka Chikongola mpaka uwanjani kwa bajaji tuseme dakika 20. Unatakiwa kuripoti mapema, tuseme masaa mawili kabla, na kaunta haisubiri mtu. Ndege saa moja. Ukishuka unasubiri begi, dakika 20. Uwanja wa Songea upo Ruhuwiko, toka pale mpaka Bombambili tuseme robo saa. Jumla inakaribia masaa manne. Ile saa moja ya kwenye simu imezaa masaa manne, na bado ni theluthi tu ya muda wa basi, na bado mama anafika mchana miguu yake mizima anashika mjukuu. Kwa mtu wa magoti masaa manne yaliyokatwa vipande vipande, anakaa anasimama anatembea, yana tofauti kubwa sana na masaa kumi na mawili ya kukunja goti sehemu moja, na hii ni faida ambayo hakuna ukurasa wa umbali unaoihesabu.

Sasa hayo masaa manne ni ya ndege ya moja kwa moja. Nilipoanza kutafuta tiketi ya mama kila njia niliyoipata ilipita Dar. Mtwara kwenda Dar kilomita 398, kaskazini. Dar kwenda Songea kilomita kama 579, kusini magharibi. Jumla 977 kwa mtu anayetaka kwenda 505. Ni kama utoke Shangani kwenda sokoni halafu bajaji ikupitishe Mikindani kwanza. Angani peke yake ni masaa mawili na dakika kadhaa, hiyo sio mbaya, tatizo ni pale Dar katikati, maana ndege ya kwanza na ya pili hazikupangwa kwa ajili ya mtu wa Mtwara anayekwenda Songea, kila moja imepangwa kwa ajili ya mtu wa Dar. Kuna siku unasubiri masaa sita, kuna siku unalala. Kulala Dar maana yake ni teksi, ni chakula, ni ndugu wa kumpokea au nyumba ya wageni, na mama ambaye hajawahi kubadilisha ndege anaambiwa achukue begi lake atoke nje kisha arudi tena kukaguliwa upya. Ukijumlisha hivyo masaa ya ndege yanafika sawa na ya basi au kuyapita, na bei ni ya ndege mbili.

Mtu mmoja akinisoma hapa atasema abiria wa Mtwara kwenda Songea ni wachache, ndege haiwezi kuruka na watu kumi. Hoja ya kweli kabisa na siikwepi. Ila nauliza, uchache huo umepimwaje? Ukihesabu wanaopanda ndege, ni wachache kwa sababu njia yenyewe inawafukuza. Nenda kahesabu stendi. Nenda kasimame pale Masasi usiku uangalie malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka kule Mbinga kuja bandarini kwetu, yanafuatana mchana na usiku, na kila lori lina dereva, lina tajiri, lina wakala, lina fundi, lina mtu wa benki. Makaa hayohayo ya Ngaka yamekuwa yakiletwa kiwanda cha saruji cha Dangote hapa Msijute. Korosho za Tunduru ni mkoa wa Ruvuma, lakini ukitaja korosho macho yote yapo Mtwara bandarini. Mwaka 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilisaini makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, wazo likiwa ni kwamba bandari hii na Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa ni ncha mbili za kitu kimoja. Barabara imetiwa lami miaka ya 2010, ile Masasi mpaka Songea iliyokuwa inaua magari na watu sasa unapita na gari dogo. Mizigo imeshaunganishwa. Watu bado.

Na mei 2024 tuliona wote. Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zikakata barabara ya Dar kule Kilwa, Somanga na maeneo yale, madaraja na makalavati yakaondoka, na kusini yote ikawa imefungiwa. Mtu aliyelazimika kwenda Dar kwa gari njia iliyobaki ilikuwa ni kuzungukia Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro, ndo uingie Dar, kilomita kama 1,600 badala ya 560. Wakati ule watu wengi hapa kwetu ndo walianza kuitazama Songea kwa jicho la pili, kumbe ule ni mlango wetu wa nyuma, nyumba inakuwa na mlango wa nyuma kwa sababu siku ya moto utautafuta. Mi nilitegemea baada ya pale kuwe na mjadala mkubwa kuhusu njia ya Songea, kwa gari na kwa ndege. Barabara ya Kilwa ikatengenezwa, magari yakapita, tukasahau, na inaniuma.

Ngoja niseme kuhusu huo mstari wa angani unapita wapi maana nao una mambo yake. Ukiondoka Mtwara ukaelekea magharibi unaacha bahari mgongoni, unapita juu ya nyanda za Makonde, halafu unapita katikati ya Nachingwea na Masasi, Nachingwea ikiwa kilomita chache tu kaskazini ya mstari na ile milima ya mawe ya Masasi ikiwa kushoto kwako. Tunduru inabaki mbali kidogo kusini. Baada ya hapo ni msitu mrefu, ile shoroba ya wanyama inayounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji, tembo wanavuka pale na hata barabarani kuna vibao vya kuwapisha. Halafu Namtumbo, halafu Songea.

Nachingwea ina uwanja wake, na mzee yule ukimtajia Nachingwea anabadilika sura. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga, 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango ukafa ndani ya miaka michache lakini ndo uliotuachia bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, na reli iliyokwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa baadaye. Enzi hizo Dakota za East African Airways zilikuwa zinatua Lindi, Mtwara, Nachingwea, zinashusha barua na watu kituo kwa kituo. Shirika lile likavunjika 1977, ikaja ATC ya kwetu, yaani Air Tanzania ya wakati ule, na ndege zake za Fokker. Mzee anasema wakati ule ndege ilikuwa inapita kama basi, inasimama kituo hiki inasimama kile, polepole, lakini ilikuwa inaunganisha kusini na kusini. Leo ndege zina spidi mara mbili ya Dakota na kila moja inakimbilia Dar. Lindi ndo imepata hasara zaidi, uwanja wao wa Kikwetu upo kilomita 71 tu angani toka uwanja wetu, na wengi wa Lindi wakitaka ndege wanakuja kupandia hapa.

Kwa mtu anayependa ramani nina mawili zaidi halafu nirudi kwenye Songea. Moroni, mji mkuu wa Comoro, toka Mtwara ni kilomita kama 363. Ni karibu kuliko Dar! Pemba ya Msumbiji, mji wa Cabo Delgado, ni kilomita kama 295, nayo karibu kuliko Dar, na huko wapo ndugu zetu kabisa, Wamakonde na Wamakua wa ng'ambo ya Ruvuma. Ila ukiandika Pemba kwenye simu angalia vizuri, maana kuna zinazokupeleka Pemba ya Zanzibar ambayo ni kilomita 560 na ushee kaskazini, utapanga bajeti ya safari nyingine. Weka jina la nchi siku zote, au weka ule msimbo wa herufi tatu wa uwanja, Mtwara ni MYW, Songea ni SGX, Lindi ni LDI.

Sababu kubwa inayonifanya nisiache hili jambo ni hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa hapa Mtwara, Mitengo, kwa ajili ya Mtwara, Lindi na Ruvuma. Fikiria mgonjwa wa Songea kapewa rufaa ya kanda yake. Kanda yake ipo kilomita 505 kwa ndege, 660 kwa basi. Mtu wa figo, mtu wa mfupa uliovunjika, mama mwenye ujauzito wa hatari, unampandisha basi siku nzima? Wengi wataona bora waende Dar moja kwa moja maana angalau ndege ipo, na hapo ile maana ya kuwa na hospitali ya kanda inapungua. Kwa miaka mingi watu wa kusini walitegemea sana hospitali za misheni, Ndanda huku kwetu na Peramiho kule kwao, zote za Wabenediktini, na wale wamisionari walielewa mapema kwamba hii ni nchi moja ndefu ya mashariki kwenda magharibi.

Kwa hiyo nimekaa na kalamu nikatengeneza pendekezo, na nalitoa kwa moyo mmoja kwa yeyote anayepanga ruti. Leo ndege ikienda Dar Mtwara na kurudi ni kilomita 796, ikienda Dar Songea na kurudi ni 1,158, jumla 1,954. Sasa siku moja moja ifanye pembetatu: Dar, Mtwara, Songea, Dar. 398 weka 505 weka 579, unapata 1,482. Ndege moja imegusa miji yote miwili na imeruka kilomita 472 pungufu. Haihitaji kujaza viti 76 na watu wa Mtwara kwenda Songea, kwa sababu humo ndani wapo wa Dar wanaokwenda Songea na wapo wa Mtwara wanaokwenda Dar, wale wa kwetu kumi na tano au ishirini ni nyongeza ambayo leo haipo kabisa.

Ubaya wake naujua. Mtu wa Mtwara anayekwenda Dar kwa pembetatu hiyo atazungushwa Songea, kilomita 1,084 badala ya 398, hatafurahi na ana haki. Ndo maana sisemi ifanywe kila siku, wala sisemi ziguswe zile za kila siku za moja kwa moja za Dar. Nasema siku mbili kwa wiki, na mzunguko ugeuzwe. Jumatatu ianze Dar, Songea, Mtwara, Dar, ili mtu wa Mtwara siku hiyo aende Dar bila kuzunguka na mgonjwa wa Songea aletwe Mtwara. Ijumaa igeuze, Dar, Mtwara, Songea, Dar. Mgonjwa aliyekuja Jumatatu anaonana na daktari Jumanne, vipimo Jumatano, majibu Alhamisi, Ijumaa anarudi kwake Songea kwa saa moja.